Umbali wa Angani na Muda wa Safari

Muulize mtu mzima wa Nyakahanga umbali uliopo kutoka kwake hadi Mwanza. Yaelekea hatakujibu kwa kilometa. Mmoja atasema, "Ni mchana mmoja kwa basi." Mwingine, aliyekula chumvi zaidi, atasema, "Siku zetu ilikuwa mchana mmoja na usiku mmoja." Wewe uliuliza umbali, nao wamekupa muda. Wana sababu njema ya kujibu hivyo, maana msafiri hahitaji tu kujua njia ina urefu gani. Ataka kujua atafika lini. Hata hivyo katika sayansi hatuna budi kuvitenga vitu hivi viwili kwanza, kisha tuviunganishe tena tukijua kila kimoja kimefanya nini.

Umbali ni urefu wa nafasi iliyopo baina ya mahali pawili. Tunaupima kwa rula, kwa utepe, au kwa hatua. Muda tunaupima kwa saa. Tukiugawa umbali kwa muda tunapata mwendokasi, yaani kilometa ngapi zimepitwa katika kila saa moja. Hayo umekwisha kuyasoma. Katika sura hii nataka tuyatumie kwa safari ambayo mimi mwenyewe nimeifanya mara nyingi, tangu nilipokuwa na umri kama wako.

Chukua ramani ya Tanzania iliyomo katika atlasi ya shule yako. Tafuta Bukoba, kando ya Ziwa Viktoria upande wa magharibi. Kisha tafuta Mwanza, upande wa kusini wa ziwa. Weka rula juu ya miji hiyo miwili. Ikiwa skeli ya ramani yako ni sentimeta 1 kwa kilometa 50, utaona kuwa rula inasoma sentimeta 3 na nusu hivi. Zidisha kwa 50 na utapata kilometa 175. Huo ndio umbali wa angani kati ya kiwanja cha ndege cha Bukoba na kile cha Mwanza. Karibu mstari wote unapita juu ya maji.

Sasa chukua uzi mwembamba. Ushikilie kwa kidole pale Bukoba, kisha ulaze juu ya barabara kuu: Muleba, Biharamulo, Chato, Geita, hadi Mwanza. Fuata kila kona. Ukimaliza, unyooshe uzi wako juu ya rula. Utazidi sentimeta 8. Maana yake ni kwamba gari linakwenda zaidi ya kilometa 400 ili kufika mahali palepale ambapo ndege inapafikia kwa kilometa 175. Gari halina njia nyingine, kwa kuwa ziwa limekaa katikati nalo halina budi kulizunguka.

Nyakahanga huenda isionekane katika ramani yako. Iweke mwenyewe kwa nukta ya penseli, karibu na Kayanga, mji mkuu wa wilaya ya Karagwe. Kutoka hapo hadi Bukoba, mstari wa rula ni kilometa 80 hivi. Lakini barabara haifuati rula. Inapanda kaskazini hadi Kyaka, penye daraja la mto Kagera, ndipo igeuke kuelekea ziwani. Na hivyo kilometa 80 zinakuwa karibu 120. Daraja hilo lilibomolewa na majeshi ya Idi Amin mwezi Novemba 1978. Kwa muda ule mwalimu wa jiografia angaliweza kusema kwamba umbali kati ya kingo mbili za mto haukubadilika hata kwa meta moja. Angekuwa amesema kweli, na asingemsaidia msafiri hata kidogo.

Mwaka 1993, mtoto wa shangazi yangu alianguka kutoka juu ya mwembe akavunjika paja. Mfupa ulikaa vibaya, na ikaamuliwa apelekwe Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda ya ziwa. Mimi nilichukuliwa kwenda nao ili nimsaidie shangazi kubeba mizigo. Nilikuwa na daftari la shule, nami niliandika saa za safari yetu pembeni mwa ukurasa wa hesabu. Ni kwa sababu hiyo ninazo hadi leo.

Tuliondoka saa 12 asubuhi kwa basi. Barabara ilikuwa ya udongo, na mvua ya usiku ilikuwa imeifanya tope. Tuliingia Bukoba saa 10 jioni. Mgonjwa alilazwa juu ya jamvi pale bandarini, mguu wake umefungwa kati ya mbao mbili, nasi tukaingoja meli MV Victoria. Iling'oa nanga saa 3 usiku, ikatia Kemondo kuchukua abiria wengine na mikungu ya ndizi, kisha ikaelekea kusini usiku kucha. Saa 1 asubuhi tuliona majabali ya Mwanza. Saa 2 tulikuwa mlangoni pa hospitali, juu ya kilima.

Hesabu muda huo pamoja nami. Toka saa 12 asubuhi hadi saa 12 asubuhi ya pili ni saa 24. Ongeza saa 2. Jumla ni saa 26. Na mstari wa rula kutoka Nyakahanga hadi Mwanza ni kilometa 220 hivi. Gawa 220 kwa 26: unapata kilometa 8 na nusu hivi kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Kama angaliwezekana mtu wa kukimbia juu ya milima, mito na maji bila kupumzika, angalifika pamoja nasi. Binamu yangu alipona, ingawa mguu mmoja umebaki mfupi kidogo. Sasa ni seremala, naye hupenda kusema kwamba anajua vizuri kuliko sisi sote maana ya neno saa.

Miaka 26 baadaye, mwaka 2019, ilikuwa zamu ya mama yangu. Alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari alituambia kwamba ni vema aonwe na daktari bingwa upesi, isipite siku nyingi. Barabara ya kwenda Kyaka ilikuwa imekwisha kuwekwa lami. Tena safari hii tuliweza kukata tiketi za ndege. Tiketi ilisema kuwa safari ya Bukoba hadi Mwanza ni dakika 45. Ndugu zangu waliposikia hivyo walidhani tutakula chakula cha asubuhi Mwanza.

Tuliondoka Nyakahanga saa 11 alfajiri kwa gari la kukodi. Saa 1 na robo asubuhi tulikuwa Bukoba. Ndege ilipangwa kuondoka saa 3, na abiria hutakiwa kufika mapema ili mizigo ipimwe na tiketi zikaguliwe. Saa 3 ilipofika, ndege haikuonekana. Ilikuwa bado Mwanza, ikizuiwa na mvua iliyokuwa ikinyesha Bukoba. Tuliondoka saa 5. Tulitua Mwanza saa 5 na dakika 45. Mama, ambaye hakuwahi kupanda ndege, alinigeukia akasema, "Mwanangu, ndiyo tumefika? Hata sijazoea kiti." Tukangoja mizigo, tukatafuta gari, tukapita katikati ya mji uliojaa magari, na saa 6 na dakika 45 mchana tukafika Bugando.

Tangu saa 11 alfajiri hadi saa 6 na dakika 45 mchana ni saa 7 na dakika 45. Yaani dakika 465. Katika dakika hizo 465, ndege ilitumia 45 tu. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya safari. Sasa gawa kilometa 220 kwa saa 7 na robo tatu. Jibu ni kilometa 28 hivi kwa saa, mwendo ambao kijana mwenye baiskeli nzuri anaweza kuupata kwenye mteremko.

Sisemi hayo ili kuidharau ndege. Mama alipasuliwa siku ya tatu, na waganga walitueleza kwamba tulifanya vema kutochelewa. Ninataka utazame jinsi hesabu ilivyokaa. Kati ya Bukoba na Mwanza, meli ilitumia saa 10 na ndege dakika 45. Ndege ilikuwa na mbio mara 13 kuliko meli. Lakini safari nzima, mlango hadi mlango, haikupungua mara 13. Ilipungua kutoka saa 26 hadi saa 7 na dakika 45, yaani mara 3 na kitu. Ukiharakisha sehemu moja ya safari, sehemu zile nyingine zinabaki pale zilipokuwa: barabara, foleni, kungoja mizigo, kutafuta gari. Na kadiri ile sehemu moja inavyozidi kuwa fupi, ndivyo kungoja kunavyozidi kuonekana kukubwa.

Jambo hili si la Kagera pekee. Miji ya London na Paris iko umbali wa angani unaokaribia kilometa 350. Ndege hutumia kama saa 1 na robo. Treni inayopita katika shimo lililochimbwa chini ya bahari, na kufunguliwa mwaka 1994, hutumia saa 2 na dakika 20 hivi. Ungedhani kila mtu angepanda ndege. Lakini treni huondoka katikati ya mji mmoja na kusimama katikati ya mji mwingine, wakati viwanja vya ndege viko nje ya miji. Kwa hiyo wasafiri wengi wakihesabu toka mlangoni hadi mlangoni huona kwamba treni ndiyo inayowafikisha kwanza.

Na wale waliofika Karagwe kwa miguu? Wazungu wawili, Speke na Grant, waliondoka pwani karibu na Bagamoyo mwezi Oktoba 1860. Walifika Bweranyange, kwa Mukama Rumanyika, mwezi Novemba 1861. Mstari wa rula kati ya mahali hapo pawili ni kilometa 1,000 hivi. Mtu mwenye afya anaweza kutembea kilometa 20 kwa siku. Kwa mwendo huo kilometa 1,000 ni siku 50. Hata tukizidisha mara mbili kwa ajili ya njia kupinda, ni siku 100. Wao walitumia zaidi ya mwaka. Muda mwingi haukwenda katika kutembea bali katika kukaa: kuugua, kutafuta wapagazi, kujadiliana hongo na watawala wa njiani. Utaona kwamba hata wakati ule kungoja ndiko kulikokula siku.

Turudi kwenye ile tiketi. Ilisema dakika 45 kwa kilometa 175. Dakika 45 ni robo tatu ya saa. Katika kila robo ndege ilikwenda kilometa 58 hivi, na katika saa nzima ingekwenda 233. Lakini ndege za rafadha zinazofanya safari hizi zikiwa juu huweza kwenda kilometa 500 kwa saa na zaidi. (Rafadha ni yale mapanga yanayozunguka mbele ya mtambo na kuivuta ndege.) Kwa kilometa 500 kwa saa, safari ingekuwa dakika 21 tu. Zile dakika nyingine 24 zimekwenda wapi?

Kwanza, muda wa tiketi huanza kuhesabiwa ndege inapoanza kutoka mahali ilipoegeshwa, nao huisha inaposimama kabisa. Kabla ya kuruka, ndege hutambaa ardhini hadi mwisho wa njia yake kwa mwendo usiozidi sana ule wa baiskeli. Pili, ndege inapopanda haina mbio kama inapokwenda sawasawa. Nguvu ya mitambo inafanya kazi mbili kwa pamoja, kuisukuma mbele na kuiinua. Umewahi kupanda mlima ukiwa na ndoo ya maji kichwani, unaelewa. Tatu, inapokaribia kutua haina budi kupunguza mwendo. Safari ya Bukoba hadi Mwanza ni fupi hata ndege haipati nafasi kubwa ya kwenda kwa mwendo wake kamili. Imemaliza kupanda, mara yaanza kushuka.

Linganisha na safari ndefu. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni kilometa 850 hivi za angani, na ndege ya jeti hutumia kama saa 1 na nusu. Gawa, nawe utapata kilometa 567 hivi kwa saa. Kupanda na kushuka kumo humo pia, lakini kunamezwa na ile sehemu ndefu ya katikati.

Tena kuna upepo. Mvuvi wa mto Kagera hahitaji kufundishwa jambo hili, maana anajua kwamba mtumbwi ule ule, kwa makasia yale yale, huwahi ukifuata maji na huchelewa ukipanda mto. Ndege huelea ndani ya hewa kama mtumbwi ndani ya maji. Tuseme ndege ina mwendo wa kilometa 500 kwa saa katika hewa tulivu, nayo inasafiri kilometa 900. Kukiwa shwari, itatumia saa 1 na dakika 48. Upepo wa kilometa 50 kwa saa ukivuma usoni mwake, mwendo wake juu ya ardhi utakuwa 450, na safari itakuwa saa 2 kamili. Ikirudi na upepo huo nyuma yake, mwendo utakuwa 550, na muda kama saa 1 na dakika 38. Angalia jambo la ajabu kidogo: alichokipoteza rubani wakati wa kwenda ni dakika 12, na alichokipata wakati wa kurudi ni dakika 10 tu. Fikiri na mwenzako kwa nini havikulingana. Mnaweza kupata jibu mkikumbuka ni katika safari ipi ndege ilikaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo.

Na ile mvua ya Bukoba iliyotuweka saa mbili? Hiyo nayo ina sababu ya kisayansi, na watu wa Bukoba wamezoea kuamshwa na radi. Usiku ardhi hupoa upesi, lakini maji ya ziwa hupoa polepole sana. Hewa iliyo juu ya ziwa inabaki na joto na unyevu. Nayo hewa yenye joto hupanda. Hewa baridi kutoka nchi kavu huingia chini yake toka pande zote na kuizidishia kupanda. Ikifika juu hupoa, mvuke wake hugeuka matone, na mawingu makubwa ya radi hujengeka juu ya maji usiku. Kisha pepo zinazovuma kutoka mashariki huyasukuma mawingu hayo kuelekea ufuko wa magharibi. Ndiyo maana Bukoba hupata mvua nyingi ya asubuhi, wakati ule ule ambapo ndege za kwanza zinataka kutua.

Rubani anayekataa kuondoka katika hali kama hiyo anafanya kazi yake. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani, karibu kabisa na kiwanja cha Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Walikuwamo watu 43. Waliofariki ni 19, na 24 waliokolewa. Wavuvi kwa mitumbwi yao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika kuwasaidia. Tangu siku hiyo, nikisikia abiria analalamika kwamba amecheleweshwa na mvua, huwa ninanyamaza.

Yapo mambo mawili ya saa ambayo msafiri wa angani lazima ayafahamu, la sivyo ataachwa. La kwanza ni kwamba tiketi haiandikwi saa za Kiswahili. Sisi huhesabu kuanzia jua linapochomoza, na ndege huhesabu kuanzia usiku wa manane, saa 24 kwa siku. Tiketi ikisema 07:00, toa 6. Ni saa 1 asubuhi. Ikisema 13:00, toa 6. Ni saa 7 mchana. Nimepata kumwona mzee mmoja aliyefika kiwanjani saa 7 mchana na tiketi yake ya 07:00, amevaa kanzu safi, na ndege ilikuwa imekwisha kwenda na kurudi.

La pili linatokana na kuzunguka kwa dunia. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 1 kila dakika 4. Nyakahanga iko magharibi ya Dar es Salaam kwa digrii 8 hivi. Kwa hiyo jua huchelewa kufika Nyakahanga kwa nusu saa hivi, ingawa saa za ukutani ni zile zile nchi nzima. Ukivuka mpaka na kuingia Rwanda, saa za ukutani nazo hubadilika. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa 1. Chukua tena rula yako uiweke kati ya Entebbe, Uganda, na Kigali. Umbali ni kilometa 340 hivi, karibu sawa na ule wa London na Paris, na mstari unakatiza juu ya wilaya ya Kyerwa. Tuseme ndege inaondoka Entebbe saa 4 asubuhi na kutumia saa 1 nzima. Itatua Kigali saa 4 asubuhi. Hakuna uchawi hapo. Rubani ametumia saa yake sawasawa, na mafuta yake pia. Ni kwamba saa ya Kigali inasoma kidogo kuliko ya Entebbe. Anayetoka Paris kwenda London hukutana na jambo hilo hilo, kwa saa 1 hiyo hiyo.

Tumeona kwamba ndege hupoteza faida yake kwa sababu kiwanja chake kiko mbali na mlango wa mgonjwa. Je, kama ndege ingeweza kufika mlangoni? Mwaka 2018 yalifanyika majaribio ya ndege ndogo isiyo na rubani kutoka bara, upande wa Mwanza, hadi kisiwa cha Ukerewe. Ilibeba dawa. Umbali wa angani ulikuwa kilometa 60, nayo ikaumaliza kwa dakika 40. Njia ya barabara na kivuko ilikuwa kilometa 240, na gari lilihitaji saa 6. Piga hesabu: ndege hiyo ndogo ilikwenda kilometa 90 kwa saa, ambazo hata basi lililo kwenye lami linaweza kuzifikia. Ushindi wake haukuletwa na mbio. Uliletwa na kufuata rula, na kutongoja mtu. Ng'ambo ya mto Kagera, nchini Rwanda, ndege za namna hiyo zimekuwa zikipeleka damu hospitalini tangu mwaka 2016. Hazitui, bali huiangusha damu ndani ya boksi lenye mwavuli wake.

Haziwezi kumbeba mtu aliyevunjika paja. Kwa mtu huyo bado tunahitaji barabara, daraja na gari. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, katika barabara ile ile uliyoifuata kwa uzi. Hapo zamani magari yalingoja kivuko, mara nyingine kwa saa nzima au zaidi. Sasa hupita kwa dakika chache. Pima tena uzi wako. Urefu wake haujapungua kwa kiasi ambacho rula yako inaweza kukionyesha.

Kwa kazi ya wiki hii, kila mwanafunzi achague safari moja ambayo mgonjwa wa kijiji chake angeifanya: kutoka nyumbani hadi zahanati, au kutoka zahanati hadi hospitali ya wilaya. Pima mstari wa rula katika ramani, kisha pima njia yenyewe kwa uzi. Waulize watu watatu waliowahi kuifanya safari hiyo walitumia muda gani, na katika muda huo walisafiri kwa dakika ngapi na kungoja kwa dakika ngapi. Mmoja wao awe mtu aliyesafiri wakati wa mvua. Andika namba zote katika jedwali, ukokotoe mwendokasi wa kila mmoja toka mlangoni hadi mlangoni, na ulete daftari lako darasani siku ya Jumatatu.